Sheria ya Kiti Chenye Joto

Katika nchi ya Vitini watu hawaulizani hali. Wakikutana asubuhi, mmoja husema, "Umekaa?" na mwenzake hujibu, "Ningali nimekaa," hata kama wote wawili wamesimama njiani. Mgeni asiyejua jibu husamehewa siku ya kwanza. Siku ya pili hutazamwa kwa huruma. Ya tatu hupewa kiti.

Mimi nilipewa changu mapema zaidi kwa kuwa nilifika kwa mwaliko. Chama chetu cha walimu kilikuwa kimesikia kwamba Vitini ni nchi isiyopoteza wakati, na kwamba watu wake wanaoandika programu za kompyuta hawaonekani mitaani kwa sababu wako kazini daima. Nikatumwa nikaone mpango huo, nirudi niueleze. Sikusita. Mtu aliyefundishwa chuoni kuandaa azimio la kazi kabla ya andalio la somo, na andalio la somo kabla ya kushika chaki, hupenda kuona mahali ambapo kila jambo lina saa yake.

Mwenyeji wangu aliitwa Bwana Ngwali. Cheo chake kilikuwa Mpima Joto wa Ukumbi wa Kazi. Alikuwa mtu mrefu na mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alizungumza taratibu kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Aliniingiza katika ukumbi mkubwa ambamo waandishi wa programu walikaa safu kwa safu mbele ya kompyuta zao. Sikuona saa ukutani, wala sikuona mtu akitazama dirishani.

Bwana Ngwali alimsogelea mwandishi mmoja akamgusa bega. Yule mwandishi akainuka. Bwana Ngwali akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya kiti, kama mama anavyomgusa mtoto kwenye paji la uso, akafumba macho.

"Moto," akasema. Mwandishi akashukuru, akaketi.

Wa pili alikuwa "vuguvugu", naye akainamisha kichwa. Hivyo ndivyo kazi inavyopimwa Vitini. Kiti chenye joto ni ushahidi kwamba mwenyewe hakuondoka. Asiyeondoka amefanya kazi. Aliyefanya kazi ana heshima. Kiti kikikutwa baridi mara kwa mara, mwenye kiti hupelekwa mbele ya Baraza, naye huweza kunyang'anywa kiti pamoja na kila alichokiandika akiwa juu yake.

Nilimwuliza kwa adabu kwa nini wasipime kazi yenyewe.

"Mwalimu, akili haionekani," alinijibu. "Zamani tuliwahesabia mistari waliyoandika. Wakaandika mistari mirefu kama treni ya mizigo. Tukawahesabia makosa waliyorekebisha. Wakaanza kuyapanda wenyewe ili wayavune. Wazee wetu wakaketi, wakatafakari, wakaona kwamba mtu anaweza kudanganya kwa mkono na kwa mdomo, lakini hadanganyi kwa anachokalia."

Nilikiri moyoni kwamba hoja ile ilikuwa na mpangilio.

Sheria ya pili ilinichukua muda zaidi kuielewa. Programu ikimalizika upesi, huko huitwa mbichi, na programu mbichi hairuhusiwi kutumika. Ni lazima iive. Na haiivi ila kwa kukaliwa: waandishi wengine huletwa, wakaiongezea hiki na kile mpaka saa za kutosha ziwe zimeingia ndani yake. Saa zinazothaminiwa kuliko zote ni zile za jioni, baada ya jua kuanza kuzama, wakati shingo zinauma na macho yanaona herufi mbili mahali palipo na moja. Hizo huitwa saa za jasho, na mstari ulioandikwa katika saa za jasho haufutwi na mtu yeyote isipokuwa kwa idhini ya Baraza. Husemwa kuwa kumfutia mtu jasho lake ni kumtukana.

Nilionyeshwa programu iliyoiva kupita zote. Ilikuwa ya kuwapangia wagonjwa zamu ya kumwona daktari. Ilikuwa imepikwa miaka mingi, na sasa ilikuwa inawaita kwanza wale waliokwisha kupona. Nilipouliza kama wagonjwa hawalalamiki, Bwana Ngwali alisema wanalalamika, ndiyo maana waandishi huketi juu yake hadi leo. Asubuhi walirekebisha kilichoharibika jioni; jioni waliharibu kilichorekebishwa asubuhi; na kwa kuwa kazi zote mbili zilipasha viti moto, taifa lilizihesabu zote mbili kuwa maendeleo.

*

Kiti nilichopewa kilikuwa mwishoni mwa safu, karibu na mwanamke mmoja aliyefunga kilemba cha kijani. Jina lake lilikuwa Bi Sikudhani, lakini ukumbini walimwita Bibi Barafu.

"Mwalimu, usikae karibu naye sana," mtu wa nyuma yetu alinionya. "Utapata kichomi."

Aliyesema hivyo alikuwa Pandu, mwandishi mwembamba aliyejifunga shuka juu ya shati. Alikuwa na homa. Meno yake yaligongana hata alipokuwa akicheka.

"Nenda ukalale, Pandu," Bi Sikudhani alimwambia bila kugeuka.

"Nikalale? Wiki hii ndiyo nimeanza kusifiwa! Bwana Ngwali amekigusa kiti changu akaondoa mkono mbio. Miaka yote hii ya afya njema nilikuwa vuguvugu."

Nilimwuliza Bi Sikudhani kwa nini kiti chake ni baridi. Alinitazama kwa makini kwanza, nadhani ili aone kama ninamdhihaki.

"Mimi huandika asubuhi," akasema. "Kichwa kikianza kuwa kizito, naondoka. Nikiendelea naandika upuuzi, na upuuzi wenyewe unakuwa na sura ya kazi. Kesho yake nitautafuta mpaka mchana, na huenda nisiuone wote."

"Na ukiondoka huenda wapi?"

"Kwa mama. Namchotea maji, tunapika, tunagombana kidogo. Mama yangu anakaa Bondeni."

Bondeni ulikuwa mji mdogo chini ya bwawa kubwa la nchi ile. Bwawa lilikuwa na malango mawili: moja likitoa maji kuelekea mtoni, jingine kuelekea mifereji ya mji. Masika ikija, kama lango la mto halikufunguliwa kwa wakati na lile la mji halikufungwa, Bondeni ingekuwa ziwa. Miaka yote malango yalikuwa yakiendeshwa kwa mikono. Mwaka ule Baraza liliamua yaendeshwe kwa programu, na kazi hiyo akapewa Bi Sikudhani. Alikwisha kuimaliza. Ilikuwa fupi. Alikuwa ameijaribu kwa kila hali ya maji aliyoweza kuifikiria, nayo haikukosea hata mara moja.

Kosa lake lilikuwa hilo hilo. Programu ilikuwa mbichi, kiti kilikuwa baridi, na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya.

*

Baraza lilikaa kumhukumu. Kwa kuwa hakuna mjumbe aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka, vikao vya Baraza la Vitini huwa virefu, na wajumbe wazee huja na mito.

Bwana Ngwali alisoma mashtaka bila chuki yoyote. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alimwuliza Bi Sikudhani kama programu ile ina kosa lolote.

"Sijaliona, mheshimiwa."

"Umelitafuta jioni?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimelitafuta asubuhi."

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja alisema kwa uchungu kwamba marehemu baba yake alifia kitini, na leo anakuja mtu kusema kazi ya nchi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Mwingine akapendekeza programu igawiwe safu nzima ya ukumbi, iive haraka kabla ya mvua.

Hapo ndipo nilipomwona Bi Sikudhani akishika ukingo wa meza. "Safu nzima?" akauliza. "Waheshimiwa, chini ya malango yale kuna watu."

Mwenyekiti akanigeukia. Alisema kwamba wana bahati ya kuwa na mgeni msomi, mtu wa ratiba, naye angependa kusikia wa kwetu wanasemaje.

Nilisimama. Nilieleza, kwa utaratibu niwezao, kuhusu kipindi cha mwisho cha siku shuleni: jinsi wanafunzi waliokuwa hodari asubuhi wanavyonakili ubao wote, pamoja na tarehe na jina la somo lililopita, na ukiwauliza wamenakili nini hawajui. Nikasema kwamba mwalimu mwenye busara haweki hisabati katika kipindi hicho.

"Lakini wananakili?" Mwenyekiti akauliza.

"Wananakili, mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote."

"Basi wanafanya kazi," akasema, na Baraza zima likanipigia makofi. Niliketi. 

Uamuzi ulikuwa wa huruma, kwa kipimo chao. Bi Sikudhani angeweza kubaki na programu yake, isiguswe na mtu mwingine, endapo yeye mwenyewe angeikalia mchana na jioni mpaka iive. Akikataa, ingekwenda kwa safu nzima. Bi Sikudhani aliachia ukingo wa meza.

"Nitakaa," akasema.

Tulipotoka nilimwambia kwamba ameshinda. Alitikisa kichwa. "Nimekubali kuwa mlinzi wa kitu ninachokipenda, mwalimu, huku nikijua kwamba mwizi nitakayekilinda dhidi yake ni mimi nikichoka."

*

Siku za kwanza alifanya ujanja. Asubuhi aliiangalia programu, akaiacha. Mchana aliandika maelezo yasiyo na madhara pembeni mwa mistari, kisha akayafuta: "Hili ni lango. Hili ni lango jingine. Mama leo amepika nini?" Bwana Ngwali alipita, akakigusa kiti, akasema "vuguvugu" kwa sauti ya kutia moyo. Baadaye akasema "moto". Ukumbi ukashangilia. Pandu alimpongeza huku akitetemeka ndani ya shuka lake: "Karibu kwenye nchi za joto, dada!"

Lakini uso wa Bi Sikudhani ulikuwa ukibadilika. Alianza kusoma mstari mmoja mara nyingi. Alijibu maswali ambayo sikumwuliza. Jioni moja nilimwona ameinama karibu na kioo cha kompyuta, midomo ikicheza, kisha akashtuka kama mtu aliyeona nyoka.

"Mwalimu, kumbe kulikuwa na kosa!" aliniambia. "Nilikuwa nimeyageuza malango. Angalia. Nimelirekebisha. Ee, nashukuru nilikaa!"

Mimi si mjuzi wa programu. Nilimwambia hongera. Bwana Ngwali aliposikia alifurahi, akasema huo ndio uthibitisho wa sheria, na kwamba programu sasa imeiva kiasi cha kukabidhiwa malango.

Asubuhi iliyofuata Bi Sikudhani alifika na macho maangavu kidogo, kwa kuwa uchovu ulikuwa umemwangusha akalala fofofo. Akaifungua programu. Akausoma mstari wa jana, akauweka kidole juu yake.

Hakukuwa na kosa lolote jana. Kosa lilikuwa lile sahihisho. Maji yakifika alama ya juu, programu sasa ingelifunga lango la mto na kulifungua la mji.

Alijaribu kuufuta mstari ule. Haukufutika, kwa kuwa ulikuwa wa saa za jasho. Akamkimbilia Bwana Ngwali.

"Kaka, nipe ruhusa nifute mstari mmoja. Mmoja tu."

"Ruhusa hutoka kwa Baraza, dada yangu."

"Basi nipeleke kwa Baraza."

"Baraza limekaa tangu jana." Bwana Ngwali alisugua macho yake. "Halipokei maombi mpaka wajumbe wainuke, nao hawajainuka. Nami siwezi kuwainua. Ningeweza, ningekuinulia."

"Unasikia hiyo, kaka?"

Tulisikia sote. Mabati ya ukumbi yalikuwa yameanza kugongwa na mvua.

Bi Sikudhani alirudi kwenye kiti chake, akachukua kanga aliyokuwa ameitundika mgongoni mwa kiti. Pandu alimshika mkono.

"Ukitoka sasa kitapoa. Watakinyang'anya, na programu watawapa hawa." Alionyesha safu nzima kwa kidevu. "Hutapata nafasi ya kuirekebisha tena."

"Nikikaa, mama atazama."

Pandu aliinuka, akalikokota shuka lake, akajiangusha katika kiti cha Bi Sikudhani. "Nenda," akasema. "Homa yangu nayo ipate kazi ya maana."

"Na kiti chako?"

"Kipoe. Kimenichosha."

*

Nilifuatana na Bi Sikudhani. Katika nchi ile hakuna sheria inayomkataza mgeni kutembea. Hawakudhani kwamba ingehitajika. Mvua ilikuwa nzito tulipofika Bondeni. Yeye alishika upande wa juu wa mji, mimi upande wa chini, tukagonga milango. Nilitumia sauti niliyozoea kuitumia uwanjani shuleni, na watu wengi walitoka kwa kudhani mimi ni afisa.

Tulikutana kwa mama yake. Bibi yule alikuwa akikamua nazi, wala hakuonyesha dalili ya kuinuka.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Tafadhali tuondoke, maji yanakuja."

"Marahaba, baba. Maji gani? Malango si yameandikiwa programu?" Akamgeukia bintiye. "Si wewe uliyeiandika?"

"Ni mimi, mama."

"Si ulisema haikosei?"

"Nilisema."

"Sasa kwa nini nikimbie?"

"Kwa sababu baadaye nikaandika jioni."

Bibi alimtazama bintiye usoni, akatazama macho yake yaliyozungukwa na weusi. Akalitua chicha.

"Ungeanza na hilo," akasema. "Nishikie huyu mbuzi."

Tulipanda kilimani na mji mzima. Maji yalipofika alama ya juu, lango la mto lilifungwa na la mji likafunguliwa, sawasawa kabisa na lilivyoamriwa. Tulisimama kwenye mvua tukitazama nyumba zikijaa, madirisha yakimezwa, masufuria yakielea uani kama mabata. Hakufa mtu. Bi Sikudhani aliyasema maneno hayo mara nyingi, kwa sauti ndogo, huku mama yake akimfuta uso kwa ncha ya kanga iliyolowa.

*

Baraza liliinuka mvua ilipopungua, likaanzisha uchunguzi, na uchunguzi ukakaa. Uligundua kwamba Bondeni ilizama kwa sababu programu ya malango haikuiva vya kutosha. Saa za jasho zikaongezwa nchi nzima.

Lakini uchunguzi huo huo uligundua jambo jingine. Siku ya mafuriko, ukumbini kulikuwa na kiti ambacho Bwana Ngwali alipokigusa alipiga kelele. Tangu sheria itungwe hakijapata kupimwa kiti chenye joto kama lile. Kilikuwa kiti cha Bi Sikudhani. Ikaamuliwa apewe nishani ya juu ya taifa, ambayo humpa mwenye kuivaa haki ya kuandika na kufuta lolote, saa yoyote, bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyekuwa ameitumia haki hiyo kabla yake. Wote waliovishwa nishani walikuwa wamechoka mno.

Alikuja asubuhi, na tope la Bondeni bado liko kwenye viatu vyake. Mwenyekiti alimvika nishani na kuanza hotuba. Yeye aliiacha hotuba iendelee, akaenda mezani kwake, akaketi, akafuta mstari mmoja, akauandika ule wa zamani, akaujaribu. Muda wote huo haukutosha kupoza kikombe cha chai. Kisha akaivua nishani, akaitundika mgongoni mwa kiti mahali alipozoea kutundika kanga, akatoka. Hotuba ilikuwa bado inaendelea. Iliwataka vijana wote waige mfano wake.

Pandu nilimkuta kwake, amelala kwenye mkeka mlangoni, homa imemtoka. Kiti chake kilikutwa baridi, akafukuzwa. Nilimpa pole.

"Pole ya nini, mwalimu? Jana nimelala mpaka jua limeniwakia usoni." Akajigeuza upande wa pili. "Leo nimekumbuka jina la mke wa jirani yangu. Nilikuwa nimelisahau tangu mwaka juzi."

Nilirudi ukumbini kumuaga mwenyeji wangu. Bwana Ngwali alikuwa akikisogeza kile kiti chenye nishani karibu na dirisha, kwenye mwanga wa jua, ili joto lake la heshima lisipotee. Alipomaliza, alisimama karibu na kiti changu, ameegemea ukuta. Wengine walikuwa wameinamia kazi, hakuna aliyetusikia.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huko kwenu mtu akichoka hufanya nini?"

Nilifikiri juu ya shule yetu na mikutano yetu, na juu ya masomo ya ziada tuliyoyapitisha mwaka uliopita. Nilitaka kumjibu kweli.

"Wachache hulala," nikasema.

"Na kazi?"

"Huwangoja. Asubuhi wakiamka wanaikuta pale pale."

Alicheka kidogo, kama mtu mzima anayesimuliwa hadithi ya sungura. Kisha, kwa mazoea tu, akauweka mgongo wa kiganja chake juu ya kiti changu.

"Kimepoa," akasema kwa masikitiko. "Wakikikuta hivi kabla hujavuka mpaka, watakusumbua. Ngoja nikukalie kidogo."

Akaketi. Akanyoosha miguu, akaegemeza kichwa. Nilikuwa natafuta maneno ya kumshukuru nilipoona mdomo wake umelegea na mkono wake umeanguka kando ya kiti, kiganja kikitazama juu.

Nikachukua mfuko wangu, nikatoka polepole ili nisimwamshe. Kwa mujibu wa sheria ya nchi ile, alikuwa kazini.